Hewa Tunayoazimana

Maneno haya, kuhusu kupima hewa ya mabweni ya shule, niliyasema Jumamosi moja ya Julai, Arusha, mbele ya wakuu wa shule, walezi wa mabweni, mafundi ujenzi na vijana wa elektroniki. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatoa. Nimepunguza marudio tu.

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu, matroni na patroni mlioacha mabweni alfajiri ili mfike hapa, mafundi wenzangu, vijana. Wazazi wangu mliokaa mbele, shikamooni. Itifaki imezingatiwa.

Naomba mtazame kiboksi hiki cheupe kilicho juu ya meza. Saa tatu, ukumbi ukiwa mtupu, kilisoma 450. Sasa kinasoma 780. Madirisha yamefungwa kwa sababu ni Julai, na baridi inayoshuka kutoka Meru mwezi huu hakuna asiyeijua. Nimewaomba wenye ukumbi tuyaache hivyo hivyo kwa muda. Kijana uliyekaa karibu na mlango, wewe ndiye msomaji wetu leo. Nikikuita, soma namba kwa sauti.

Namba hiyo ni hewa ukaa, yaani kaboni dayoksaidi. Katika kila chembe milioni moja za hewa ya nje, kama 425 hivi leo ni za hewa ukaa. Vipimo vya kudumu vilipoanza kule Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, zilikuwa kama 315. Hiyo ni habari ya dunia nzima, na ina mkutano wake. Habari yangu ya leo ni ya chumbani. Hewa inayotoka kifuani mwako ina chembe karibu 40,000 katika milioni, yaani karibu mara mia moja ya iliyoingia. Kwa hiyo, chumbani ambamo hakuna jiko wala moto, hewa ukaa ikipanda imetoka sehemu moja tu: vifuani mwa watu.

Mlio mbele mtaona vizuri. Hii ni ndoo ya maji ya lita 20. Ninaweka kiboksi ndani, ninafunika, ninapuliza pumzi moja ya kawaida kwa mrija, ninaziba tundu. Tusubiri dakika mbili... Haya, kijana, njoo uchungulie. Elfu moja mia nane na kitu. Pumzi moja, nusu lita tu, imeongeza kama 1,000 ndani ya ndoo nzima. Bweni nalo ni ndoo. Ni kubwa zaidi, lakini wanaopulizia ndani ni arobaini, na wanapuliza usiku kucha.

Kuna bweni moja, sitalitaja jina, ambalo ndilo lililonifundisha kazi hii. Wanafunzi 48, vitanda vya deka, dari la jipsamu, madirisha ya alumini ya kusukuma. Dirisha la kusukuma hata ulifungue lote linatoa nusu tu ya uwazi wake, na pale hata nusu hiyo ilikuwa imepigwa misumari kwa kuogopa wezi. Niliingia saa kumi alfajiri pamoja na matroni. Nywele zilinisisimka. Vioo vilikuwa vinatiririka maji, shuka za vitanda vya juu zilikuwa na unyevu, na namba ilikuwa inacheza kwenye 4,000. Ukipiga hesabu, katika kila pumzi kumi na moja walizokuwa wanavuta wale watoto, moja ilikuwa imekwisha pita ndani ya kifua cha mwingine.

Hapo naomba tuelewane vizuri, kwa sababu wazazi huwa wanatishika. Hewa ukaa ya 4,000 haiui mtoto. Mipaka ya kazini katika nchi nyingi ni 5,000 kwa zamu ya saa nane. Wapo watafiti walioona watu wakifikiri polepole zaidi hata kwenye 1,000 na kidogo, wapo ambao hawakuona tofauti kubwa, na mimi sitaki kuijenga hoja yangu hapo. Ninaijenga pale alipoijenga Max von Pettenkofer, mkemia wa Munich, mwaka 1858: kwamba hewa ukaa ni shahidi. Inakuambia ni kiasi gani cha pumzi za watu kimebaki chumbani bila kutoka. Yeye ndiye aliyesema chumba kikipita sehemu moja katika elfu, yaani 1,000 kwa hesabu yetu, hewa haifai tena. Miaka zaidi ya 160 imepita na namba hiyo bado inatumika.

Sisi wa kaskazini tunajua pumzi hubeba nini. Pale Sanya Juu iko hospitali ya Kibong'oto, iliyoanzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya kifua kikuu. Tanzania bado imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Mwishoni mwa miaka ya 1950, kule Baltimore, Marekani, William Wells na Richard Riley walichukua hewa ya wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu, wakaipitisha kwenye mabomba mpaka kwenye mabanda ya simbilisi juu ya paa. Simbilisi hawakuwahi kumwona mgonjwa hata mmoja. Waliugua kwa hewa tu. Kikohozi cha mtoto mmoja kwenye bweni la 4,000 si sawa na kikohozi hicho hicho kwenye bweni la 800, na macho hayawezi kukuonyesha tofauti hiyo. Ndiyo maana tunahitaji kipimo.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, na hapa mafundi mnisikilize.

Kipimo cha kwanza nilichopeleka kwenye lile bweni nilikitengeneza kwa kihisi cha shilingi elfu kumi. Mnakijua, kile cha mviringo chenye wavu wa chuma, kinachopata moto ukikigusa. Mafundi wa mjini wanakiita sensa ya gesi. Maelezo ya dukani yalisema kinapima hewa ukaa. Nilichomelea waya, nikaweka taa tatu, kijani, njano na nyekundu, nikamkabidhi matroni nikiwa na furaha tele. Wiki ya pili, saa saba usiku, taa ikawaka nyekundu. Mama wa watu akaamsha wasichana 48, akafungua mlango kwenye baridi ile, wakasimama nje na mablanketi. Asubuhi ikajulikana: msichana mmoja alipuliza dawa ya mbu. Na saa kumi alfajiri, wakati namba ya kweli ilikuwa 4,000, taa yangu ilikuwa kijani.

Matroni aliniita, akanirudishia kiboksi kikiwa kimefungwa kwenye mfuko. Akasema, "Mwanangu, hiki chako kinanusa, hakipimi." Sijapata kusikia mhandisi akilieleza jambo hili kwa ufasaha kuliko yule mama. Vihisi vile vinanusa kweli: pombe, rangi, dawa ya mbu, moshi, amonia. Vingine vina programu ndani inayokisia hewa ukaa kutokana na harufu hizo, kisha inaandika namba kana kwamba imepima. Ukinunua kipimo kilichokwisha tengenezwa, weka karibu yake pamba yenye spiriti. Namba ikiruka mpaka juu, rudisha dukani. Kipimo cha kweli hakijali spiriti.

Cha kweli kinafanya kazi kwa mwanga. Hewa ukaa inapenda kumeza mwanga mmoja usioonekana kwa macho, ule wa mawimbi ya mikromita 4.26. Kuna vihisi vyenye kijumba kidogo: upande mmoja taa, upande wa pili jicho, na kadiri hewa ukaa inavyozidi ndivyo mwanga unavyofika kidogo kwenye jicho. Na kuna aina mpya zaidi, hii iliyomo kwenye kiboksi changu, ndogo kuliko kucha ya kidole gumba. Taa yake inapigapiga. Hewa ukaa ikipigwa na mwanga inapata joto, inatanuka, inasinyaa, na kule kutanuka na kusinyaa kunatoa mlio. Ndani yake kuna kipaza sauti kidogo sana kinachosikiliza mlio huo. Alexander Graham Bell aligundua mwaka 1880 kwamba mwanga unaopigapiga unaweza kutoa sauti kwenye vitu, na leo tunausikiliza mwanga huo ili tujue kama watoto wanapata hewa. Kila ninapoufikiria ufundi huu, moyo wangu unajaa.

Kihisi cha namna hiyo kinauzwa kati ya dola 20 na 50. Ukiongeza bodi ndogo ya kukiendesha, betri zilizotolewa kwenye laptop kuukuu, chaja ya simu na kiboksi cha umeme cha plastiki, mimi ninamaliza kimoja kwa laki moja na ishirini hivi. Vya dukani vyenye ubora huo vingi ni ghali zaidi. Uingereza, mwaka 2021, serikali ilitangaza kugawa vipimo kama 300,000 mashuleni. Sisi hatuna haja ya kusubiri mgao. Lakini laki moja na ishirini ni pesa ya mchango wa wazazi, na kama namba ni ya uongo, hata shilingi mia ni ghali.

Uongo wa pili niliukuta Arusha penyewe, na huu umo hata kwenye vihisi vizuri.

Nilikuwa nimetoka Moshi na kipimo kipya begani. Nilikiwasha nje, kwenye upepo, kikasoma 385. Nikashangaa, maana hewa ya nje haishuki hivyo. Nikapanda Kosta. Abiria walifunga vioo kwa ajili ya vumbi, na kufika Boma Ng'ombe namba ilikwisha pita 3,000, nikafungua cha kwangu na kuomba radhi kwa mama aliyekuwa na mtoto mgongoni. Nilipofika nyumbani Sakina nikakiwasha tena nje. Kikasoma 360. Kipimo kile kile, siku ile ile, hewa ya nje ile ile, na namba inashuka kadiri ninavyopanda mlima.

Nilikaa na jambo hilo usiku mzima mpaka nikalielewa. Kihisi hakijui sehemu ngapi katika milioni. Kinachojua ni chembe ngapi zimo ndani ya kijumba chake. Kiwandani kimewekwa kwa hewa ya usawa wa bahari, ambako mgandamizo ni kama 1,013 kwa kipimo cha hektopaskali. Arusha iko mita 1,400 juu ya bahari. Hapa mgandamizo ni kama 860. Hewa yetu ni nyepesi zaidi, chembe zimeachana, na kijumba kile kile kinabeba chembe chache zaidi, za hewa ukaa na za kila kitu. Kwa hiyo 1,000 ya kweli, Arusha, kihisi kisichoelezwa kitu kinaiita 850. Moshi, iliyo chini yetu kwa mita karibu 600, kinaiita 910. Marangu na Ngaramtoni wana hesabu zao. Kipimo kilichonunuliwa nje na kutundikwa ukutani hapa bila kurekebishwa kitawaambia watu hewa ni nzuri ilhali imekwisha haribika, na hakitakosea upande mwingine hata siku moja. Siku zote kitawapumbaza kwa upande wa kuwatuliza.

Dawa yake ni tamko moja kwenye programu: mwambie kihisi kiko mita ngapi juu ya bahari. Basi. Vihisi vingi vizuri vina nafasi hiyo. Vijana, andikeni kimo kwa kalamu ya wino juu ya kila kiboksi mnachotengeneza: Moshi mjini, Arusha mjini, Marangu. Kikihamishwa, kibadilishwe. Ni dakika moja ya kazi, na hakuna wa kutukumbusha isipokuwa sisi tunaokaa mlimani.

Kijana, tusomee. Elfu moja mia tatu na sabini. Asante. Bado kidogo.

Uongo wa tatu ni wa taratibu, kama saa inayochelewa. Vihisi vingi vinajirekebisha vyenyewe. Kila baada ya wiki moja hivi vinatazama namba ya chini kabisa vilivyoiona, vinasema "hiyo lazima ilikuwa hewa ya nje," na kuiita 400. Ofisini, ambako watu wanaondoka Ijumaa jioni mpaka Jumatatu, ni akili nzuri. Kwenye bweni lililopigiliwa misumari hewa haifiki ya nje hata mchana. Kihisi kinaona 600, kinaiita 400, na kuanzia hapo kinapunguza kila kitu. Mwisho wa muhula nilikitoa kile cha bwenini nikakipeleka uwanjani: kilisoma 230, namba ambayo huwezi kuikuta nje popote duniani leo. Taa ya njano ilikuwa imechelewa kuwaka miezi kadhaa, na mimi nilikuwa nimemwambia matroni kwamba safari hii akiamini.

Tangu hapo ninazima kujirekebisha, na mara moja kwa mwezi vipimo vinapelekwa nje vikapate hewa. Namna ya kufanya ina adabu yake. Chagua mchana wenye upepo, saa nane au saa tisa, mbali na barabara na mbali na jiko la shule. Usiende alfajiri kwenye migomba: mimea nayo hupumua usiku, na hewa iliyolala chini ya migomba na kahawa huwa na hewa ukaa nyingi kuliko ya uwanjani. Weka kipimo mezani, ondoka hatua kumi, usikiinamie, maana pumzi yako ni 40,000. Baada ya dakika kumi na tano kiambie hapo ni 425. Ukipata rafiki anayefanya kazi ya nusukaputi hospitalini, mwombe ile chokaa ya soda wanayotumia kwenye mashine zao, ambayo haijageuka zambarau. Hewa ikipita ndani yake hewa ukaa yote inanyonywa, na unapata sifuri ya bure ya kukagulia upande wa chini. Halafu shule tano au sita zichange kununua kipimo kimoja kizuri cha dukani, kiwe kipimo mama. Vingine vyote vinalazwa naye chumba kimoja usiku kucha, asubuhi unalinganisha. Huo ndio unafuu hasa: mnanunua uhakika mmoja, mnaugawana.

Mafundi ujenzi nao wana neno. Mzee mmoja wa Kijenge, fundi mwashi tangu miaka ya sabini, alikuja kuona kipimo kwenye lile bweni. Hakukitazama sana. Alitazama juu ya madirisha. Akaniuliza, "Matundu ya juu ya lenta yako wapi?" Akaeleza kwamba wao waliacha matofali ya matundu juu ya kila dirisha, pande mbili zinazotazamana, hewa ya moto inatokea juu usiku kucha, na mwizi hawezi kupita. Siku hizi tunayaziba kwa sababu ya mbu, na kwa sababu dari la jipsamu halipendezi na tundu. Lakini wavu wa mbu unapigwa kwenye tundu kama unavyopigwa dirishani. Mkuu wa shule ile, namshukuru, alimsikiliza mzee. Walitoboa matundu kumi na mawili, sita kila upande, wakapiga nondo na wavu. Nilirudi saa kumi alfajiri, na kipimo kilichorekebishwa kwa kimo na kwa hewa ya uwanjani. 1,150. Vioo vikavu. Watoto wamejifunika, na mlango umefungwa kwa komeo kama matroni anavyotaka.

Bado ni juu ya elfu. Tunaendelea.

Jambo moja nisilisahau, maana ni la uhai. Kiboksi hiki hakijui kabisa ile hewa ya sumu inayotoka kwenye jiko la mkaa, kaboni monoksaidi. Miezi hii ya baridi watu wanaingiza jiko chumbani na kulala nalo, na kuna wasioamka. Taa ya kijani hapa haina maana kwamba jiko ni salama. Jiko likae nje, kuwe na kipimo au kusiwe. Mzazi yeyote atakayeuziwa kipimo na fundi wa hapa, aambiwe hilo kabla hajatoa pesa.

Kijana, tusomee. 1,690. Wangapi mmekuwa mnapiga miayo? Ninawaona, wala sioni vibaya. Sasa naomba wote mlio karibu na madirisha, pande zote mbili, myafungue. Na milango miwili ya nyuma. Wazazi wangu, jifunikeni kidogo.

Wakati tunasubiri: kesho Jumapili saa nane mchana, mwenye kipimo chochote, cha dukani au cha kujitengenezea, aje nacho kwenye uwanja ulio nyuma ya ukumbi huu. Nitakuwa na kipimo mama, spiriti na pamba. Waliotoka Moshi, vyenu tutaviwekea kimo cha Moshi, kwa hiyo Arusha havitasoma sawa. Msishtuke.

Tusomee tena. 1,120. Na sasa? 890. Ngojeni... 710.

Acheni madirisha yalivyo. Ndugu Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali.